Hesabu za mchanganyiko zikigoma: sikiliza jibu kabla ya kufuta

Fundi wa pikipiki pale Birere, mtaa wa Goma, hafungui injini kabla hajausikia mlio wake. Anakuambia uwashe, uongeze moto kidogo, ndipo anachagua ufunguo. Mimi jioni nafundisha watoto wa jirani hesabu hapa Ndosho, na kwa maswali ya uwiano nimejikuta nafanya kama yeye. Mtoto akileta daftari na kusema "Mwalimu, hii hesabu inanikatalia", simwambii afute. Nalitazama jibu lenyewe kwanza. Jibu lililokosewa lina mlio wake, na mara nyingi mlio huo unataja mahali palipoharibika.

Palipoharibika si kwenye kujumlisha wala kugawanya. Watoto wetu wanaijua kanuni ya tatu (kutafuta namba ya nne kutokana na tatu) kuliko wanavyoyajua majina ya wajomba zao. Kinachowaponza ni kwamba namba imesimama ndani ya swali na hawajui ni ya nani: ya kiungo kimoja, ya jumla, ya kabla ya kumimina au ya baada yake. Kwa hiyo naziandika hapa dalili ninazokutana nazo zaidi, kila moja na chanzo chake. Zile zinazosumbua kweli nimekaa nazo muda mrefu. Nyingine nimezipitia haraka.

Dalili: kiungo kimoja kimekuwa kizito kuliko mchanganyiko wote

Swali lilikuwa hili. Mama anachanganya unga wa mahindi na unga wa muhogo kwa uwiano wa 3 kwa 2, apate kilo 15 za unga wa bugali. Mahindi ni kilo ngapi? Mtoto kaandika 22,5.

Kilo 22,5 za mahindi ndani ya mfuko wa kilo 15. Hapo hata asiyesoma atacheka, lakini mtoto hacheki kwa sababu hakurudi kulisoma swali. Alichofanya ni 15 × 3 ÷ 2, yaani aliichukua 15 kama uzito wa muhogo. Kumbe 15 ni ya wote wawili pamoja. Sehemu za mahindi ni 3, za muhogo ni 2, zote ni 5. Kilo 15 zikigawanywa kwa 5, kila sehemu ina kilo 3. Mahindi kilo 9, muhogo kilo 6.

Nikishamwonyesha hayo, simwachi aende. Namwachia uwiano uleule na 15 ileile, ila nabadilisha mwenye nayo. Kama 15 ni ya mahindi peke yake, sehemu moja ni kilo 5 na muhogo ni kilo 10. Kama ni ya muhogo, sehemu moja ni kilo 7,5 na mahindi yanakuwa zile 22,5 alizoandika mwanzo. Na kama swali linasema mahindi yanauzidi muhogo kwa kilo 15, hiyo ni tofauti ya sehemu 1 tu (3 kutoa 2), kwa hiyo mahindi ni kilo 45 na muhogo kilo 30. Majibu manne kutoka namba moja. Mtoto aliyepitia manne haya kwa mkono wake huanza mwenyewe kuuliza "hii 15 ni ya nani?" kabla ya kushika kalamu, na mimi nusu ya kazi yangu imekwisha.

Dalili: jibu liko karibu na la kwenye kitabu, lakini si lenyewe

Hii ni hatari zaidi kwa sababu haichekeshi. Jibu linaonekana lina akili. Chanzo cha kwanza cha kutazama ni kuchanganya "1 kwa 9" na "1 kati ya 9", au kuchanganya "1 kati ya 10" na "1 kwa 10".

Mwaka 2019 Ebola ilipofika Goma, kila mlango wa shule, wa duka na wa ofisi ulikuwa na ndoo ya maji ya klorini. Ya kunawia mikono ilikuwa ya asilimia 0,05. Ya kusafishia sakafu na vyombo, asilimia 0,5. Shuleni nilikokuwa nafundisha, siku moja zamu ya kutengeneza ile ya sakafu iliniangukia. Javeli, yaani dawa yenyewe ya klorini ya chupa, ilikuwa ya asilimia 5, kwa hiyo nguvu inapaswa kupungua mara 10. Mimi, mwalimu wa hesabu, nilijaza maji bidoni (dumu) ya lita 20 mpaka shingoni, kisha nikashika lita 2 za javeli nizimimine. Bidoni ikakataa. Haikuwa na nafasi.

Bidoni ilikuwa na haki. Kupunguza nguvu mara 10 maana yake javeli ni sehemu 1 kati ya sehemu 10 za mchanganyiko wote, na kwa hiyo ni 1 kwa 9 za maji. Katika lita 20, javeli ni lita 2 na maji ni lita 18. Kwenye daftari bidoni haifuriki, ndiyo maana kosa hupita kimya: mtoto anatia lita 2 juu ya lita 20 za maji, anapata lita 22 zenye nguvu ya 2 × 5 ÷ 22, karibu asilimia 0,45. Si mbali na 0,5. Kwenye mtihani ni sifuri.

Kwa hiyo mwambie mtoto achore bidoni. Aandike 20 juu ya mstari wa shingo, na asimimine chochote kinachopita mstari huo. Kwa ya mikono ni vilevile: kutoka asilimia 5 hadi 0,05 nguvu inapungua mara 100, javeli ni 1 kwa 99 za maji, na katika bidoni ya lita 20 ni mililita 200 za javeli na lita 19,8 za maji. (Haya ni kama javeli kweli ina asilimia 5. Chupa iliyokaa juani dukani kwa miezi hupoteza nguvu hata kama karatasi yake bado inasema 5. Hilo ni tatizo la muuzaji, lisiingie kwenye daftari.)

Chanzo cha pili cha jibu la karibu ni kujumlisha uwiano mbili kama namba za kawaida. Bruweti (toroli) moja ina simenti na mchanga 1 kwa 2, nyingine yenye ujazo uleule ina 1 kwa 3. Zikimwagwa pamoja, uwiano ni upi? Mtoto anaandika 2 kwa 5: moja na moja ni mbili, mbili na tatu ni tano. Ipe kila bruweti lita 60 uone. Ya kwanza ina simenti lita 20 na mchanga lita 40. Ya pili ina simenti lita 15 na mchanga lita 45. Jumla ni 35 kwa 85, yaani 7 kwa 17. Ile 2 kwa 5 ingekupa simenti lita 34 na kidogo, tofauti isiyofika lita moja, na ndiyo sababu inadanganya vizuri. Ingekuwa sahihi kama sehemu za bruweti zote mbili zingepimwa kwa ndoo moja: ndoo 3 huku, ndoo 4 kule. Lakini swali limesema ujazo ni sawa, basi ndoo haziwezi kuwa sawa.

Asilimia nazo zina ugonjwa huohuo. Lita 4 za asilimia 5 na lita 6 za asilimia 10 hazitoi asilimia 7,5. Klorini iliyomo ni lita 0,2 na lita 0,6, jumla 0,8 ndani ya lita 10: asilimia 8. Wastani wa katikati unakubalika pale tu vyombo vinapolingana.

Dalili: "Hakuna kilichoongezwa, mwalimu"

Hapa ndipo ninapotumia chaki nyingi.

Muuzaji ana lita 20 za maziwa yaliyokwisha kutiwa maji njiani kutoka Masisi. Maziwa kwa maji ni 4 kwa 1. Aongeze maji lita ngapi ili uwiano uwe 2 kwa 1? Mtoto mmoja wa darasa la sita alinijibu bila kusita: "Hakuna. Maji yalikuwa 1, na sasa ni 1." Nilimsifu kwa kusoma vizuri, maana 1 zote mbili kweli zimo. Wengine hufika mbali zaidi na kusema maziwa yamepungua kutoka 4 hadi 2, kwa hiyo muuzaji amekunywa nusu.

Chanzo ni kudhani kwamba sehemu ya uwiano ina ukubwa wake wa kudumu, kama kilo au lita. Haina. Sehemu ya kwenye 4 kwa 1 na sehemu ya kwenye 2 kwa 1 ni vikombe viwili tofauti. Kabla, lita 20 zilikuwa na sehemu 5, kila moja lita 4: maziwa 16, maji 4. Sasa uliza kitu gani hakikuguswa. Muuzaji ameongeza maji. Maziwa hakuna aliyeyagusa. Bado ni lita 16. Katika uwiano mpya hizo 16 ndizo sehemu 2, kwa hiyo sehemu moja sasa ni lita 8, na maji lazima yawe 8. Yalikuwa 4, ameongeza lita 4. Jumla lita 24. Gawanya kwa 3 upate 8, inakaa.

Njia ninayoipenda zaidi haitaki hata lita mpaka mwisho. Kwa kuwa maziwa hayakuguswa, yape namba moja pande zote mbili. Kabla 4 kwa 1. Baada 2 kwa 1, ambayo ni sawa na 4 kwa 2. Sasa vikombe ni vya ukubwa mmoja. Maji yametoka 1 hadi 2, yameongezeka kikombe 1, na kikombe ni lita 4. Basi.

Swali la "nini hakikuguswa" linaponya karibu kila swali la kuongeza. Ila kuna pacha wake anayeponza wengi: swali la kuchota. Muuzaji yuleyule, lita zilezile 20 za 4 kwa 1, amechota lita 5 akampa jirani, kisha akajaza lita 5 za maji watu wasijue. Uwiano sasa? Mtoto aliyetoka kujifunza la juu anatoa 5 kwenye maziwa: 16 kutoa 5 ni 11. Lakini kikombe hakiwezi kuchagua maziwa na kuyaacha maji, kinachota vilivyochanganyika. Katika lita 5 kuna maziwa lita 4 na maji lita 1. Zinabaki 12 na 3, bado 4 kwa 1 kama mwanzo. Ndipo yanakuja maji lita 5: 12 kwa 8, yaani 3 kwa 2.

Kwa hiyo natenga mambo mawili, na nayaandika ukutani kwa chaki. Ukichota, uwiano haubadiliki, kiasi ndicho kinachopungua. Ukiongeza kiungo kimoja, kiasi cha kile kingine hakibadiliki, uwiano ndio unaobadilika. Swali refu ni mambo haya mawili yakipokezana, na mtoto anapaswa kusimama baada ya kila tendo na kuandika hali ya bidoni upya. Asiyesimama utamtambua kwa jibu lake. Lita 20 za maziwa safi, chota 5 jaza maji 5, rudia mara ya pili: akikuambia yamebaki maziwa lita 10, ametoa 5 mara mbili. Mara ya kwanza ni sawa, yanabaki 15. Mara ya pili zile lita 5 tayari zina maji ndani yake. Maziwa yanayotoka ni lita 3,75 na yanabaki 11,25. Kila mzunguko unaacha robo tatu ya yaliyokuwepo.

Viungo vitatu

Uji wa masoso jina lake limeunganishwa kutoka vichwa vya maneno ya Kifaransa ya mahindi, soya na mtama. Swali linasema mahindi kwa soya ni 3 kwa 2, na soya kwa mtama ni 4 kwa 1. Ukiona 3 kwa 2 kwa 1, mtoto ameitupa 4. Ukiona 3 kwa 2 kwa 4 kwa 1, amepika uji wenye viungo vinne. Soya ndiyo daraja, na daraja halina urefu mbili: ifanye 4 pande zote. Mahindi kwa soya inakuwa 6 kwa 4, na uwiano wote ni 6 kwa 4 kwa 1. Kwa kilo 22, kila sehemu ni kilo 2: mahindi 12, soya 8, mtama 2.

Dalili: bei imegeuka

Maharagwe ya franka 2000 kwa kilo na ya franka 3200 yanachanganywa, yauzwe franka 2500 bila faida wala hasara. (Mama yangu asingekubali swali hili: maharagwe ya aina mbili hayaivi pamoja. Lakini vitabu vinalipenda.) Tofauti zake ni 500 kutoka chini na 700 kutoka juu, na watoto wengi wanaandika ya bei rahisi 5, ya bei kali 7. Ukipima: 5 × 2000 na 7 × 3200 ni 32400, gawanya kwa 12, inatoka 2700. Imepita 2500.

Namba ni sahihi, ila zimebadilishana viti. Bei ya 2500 iko karibu na 2000 kuliko 3200, maana yake maharagwe ya bei rahisi ndiyo mengi yaliyoivuta kwao. Basi ya bei rahisi ni 7, ya bei kali ni 5: 14000 na 16000, jumla 30000 kwa kilo 12, franka 2500 kamili. Sipendi kumfundisha mtoto "vuka msalaba" tu (kila tofauti iende upande wa pili) bila kumwonyesha nani anavuta nani, kwa sababu wiki ijayo atasahau msalaba unaanzia wapi.

Dalili: jibu la maelfu lisilo na sababu

Angalia simu. Kikokotoo chake kinaandika 1.333 kwa nukta, na mtoto aliyezoea kuona 2.500 kwenye kibao cha bei kama elfu mbili mia tano anaisoma kuwa elfu moja mia tatu thelathini na tatu. Sisi tunaandika koma. Mwambie abadilishe kabla ya kunakili.

Dalili: daftari liko sawa, ujenzi unakataa

Hii aliniletea baba mmoja, si mtoto. Anajenga, na fundi wake anapima zege hivi: mfuko 1 wa simenti, bruweti 1 ya mchanga, bruweti 2 za kokoto za lava. Baba aliandika 1 kwa 1 kwa 2 na kukuta simenti ni robo ya zege yote. Akadhani fundi anamaliza simenti yake.

Chanzo ni vipimo. Namba tatu hizo hazisemi lugha moja: moja ni mfuko wa kilo 50, mbili ni bruweti. Mfuko wa kilo 50 ukimwagwa una ujazo wa kama lita 35, bruweti ya kawaida kama lita 60. Kwa hiyo uwiano wa ujazo ni 35 kwa 60 kwa 120, yaani 7 kwa 12 kwa 24, na simenti ni 7 kati ya 43, karibu moja ya sita. Fundi yuko sawa. Anafuata kipimo cha kilo 350 za simenti kwa mita moja ya ujazo ya zege: mifuko 7, mchanga lita 400, kokoto lita 800. Gawanya kwa 7 utaona karibu lita 57 na lita 114 kwa kila mfuko, bruweti moja na bruweti mbili.

Kisha baba akauliza lililonifurahisha. Mifuko 7 ni lita 245; ongeza 400 na 800, ni lita 1445. Mbona zege ni lita 1000 tu? Zimekwenda wapi 445? Zimeingia ndani. Kati ya kokoto na kokoto kuna nafasi tupu, mchanga unazijaza. Kati ya chembe na chembe za mchanga kuna nafasi, simenti na maji vinazijaza. Uzito hujumlika daima, ujazo si lazima. Hata mililita 50 za maji na 50 za alikoli safi hazifiki 100. Swali la shule linadhani kwamba lita hujumlika, na mtoto afuate hivyo bila kubishana. Lakini ukiagiza kokoto, usipige hesabu kama lita zinajumlika. Utapungukiwa na karibu theluthi.

Umepita dalili zote na jibu bado ni bovu

Basi shuku swali. Kuna maswali yaliyokufa kabla hayajafika mezani: maharagwe ya franka 2000 na 3200 hayawezi kutoa mchanganyiko wa franka 3500, hata ukichanganya usiku kucha. Kuna mengine yaliyougua kwenye fotokopi. Juzi msichana alinijia na mahindi kwa muhogo 7 kwa 2, kilo 15, na jibu la kilo 11,666 lisilokwisha. Hatua zake zote zilikuwa safi. Nikachukua karatasi nikaisogeza dirishani. Ile 7 haikuwa na kijiti cha katikati ambacho mwalimu wake hukiweka kwenye kila 7 nyingine ya ukurasa. Ilikuwa 1 yenye mkia mrefu wa mbele. Akaandika 5 na 10 akiwa bado amesimama.